Nywele Hazikui, au Zinakatika? Hesabu ya Kichwa kutoka Kamanyola

Kwenye vibanda vya kusukia vilivyo kando ya barabara ya taifa namba 5, ile inayoshuka kutoka Bukavu, ikapita Kamanyola na kuelekea Uvira, malalamiko hayabadiliki: nywele hazikui. Anayelalamika ni msichana anayesukwa tangu shule ya msingi na bado nywele zake hazijagusa mabega. Ni mama aliyejifungua miezi minne iliyopita, sasa kila akichana anaondoa fungu zima kwenye kitana. Ni kijana ambaye paji lake la uso limeanza kupanda. Majibu nayo hayakawii: jaribu mafuta mapya yaliyovuka kutoka Bugarama, acha maji ya mto Ruzizi, badilisha msusi, chunga jicho la jirani. Kamanyola ni njia panda ya Kongo, Rwanda na Burundi, kwa hiyo dawa za nywele hazikosekani, wala watu wa kuzisifia.

Ukiyapekua malalamiko hayo utakuta mambo mawili yamechanganywa karibu kila mara. Kwanza, nywele za wengi wanaosema hazikui zinakua kila siku, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota nayo shinani. Pili, pale zinapong'oka kweli, sababu yake si ya wiki hii. Ilitokea miezi miwili, mitatu, pengine minne nyuma, wakati mwenyewe alikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Msusi wa Jumamosi iliyopita analaumiwa kwa jambo ambalo mwili uliliamua kabla hata hajamshika mteja kichwa.

Tuanzie chini ya ngozi. Kila unywele unatoka katika kitundu, yaani kinyweleo, kilichozama milimita chache ndani ya ngozi ya kichwa. Kwenye kitako chake kuna chuchu ndogo ya nyama yenye mishipa ya damu, na kuizunguka chuchu hiyo kuna seli zinazogawanyika kwa kasi ambayo seli chache sana za mwili zinaifikia. Seli mpya zinazisukuma za zamani juu. Zile za juu zinajazwa protini ngumu iitwayo keratini, zinapokea rangi kutoka kwa seli za melanini, halafu zinakufa. Unywele unapochomoza juu ya ngozi tayari ni kitu kisicho na uhai. Hauna mshipa, hauna damu, haunywi wala hauli. Ndiyo maana mafuta yanayopakwa kwenye urefu wa unywele yanaweza kuulainisha na kuulinda usikatike, lakini hayawezi kuulisha, hata chupa iandikwe nini. Chakula cha unywele kinapita njia moja tu, nayo ni damu inayofika kwenye ile chuchu.

Vinyweleo hivyo mtu huzaliwa navyo. Huanza kujengeka mtoto akiwa tumboni, na mimba inapofika karibu wiki ya 22 idadi yake imekamilika: kama milioni 5 mwili mzima, na kati ya hivyo takriban 100,000 viko kichwani. Vipya havitengenezwi tena. Mwenye ndevu nyingi hakuongezewa vinyweleo alipobalehe. Vinyweleo vilevile alivyozaliwa navyo vilipata amri ya homoni, vikaacha kutoa malaika laini na kuanza kutoa nywele nene.

Kila kinyweleo kina ratiba yake. Kwanza ni kuota, ambako kwa nywele za kichwa huchukua miaka 2 hadi 6, kwa wengine zaidi. Kisha mzizi unasinyaa kwa muda wa wiki mbili au tatu. Halafu kinyweleo kinapumzika kwa miezi kama mitatu, kikiushikilia unywele wake wa zamani bila kuurefusha, mpaka uanguke na mwingine uanze chini yake. Mtu aliyepita kwenye mashamba ya mpunga ya uwanda wa Ruzizi atalielewa hili upesi: jaruba moja limepandwa jana, la pili limechanua, la tatu limekwisha vunwa na linangoja, na bonde zima halikosi kijani. Kichwa kinaendeshwa hivyohivyo. Wakati wowote, nywele 85 hadi 90 katika kila 100 zinaota na zilizobaki karibu zote zimepumzika, ndiyo maana kupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku ni hali ya kawaida kabisa. Anayesukwa na kukaa wiki sita bila kufumua ataona zote hizo kwa mkupuo siku ya kufumua, elfu kadhaa pamoja, na atapiga kelele bila sababu.

Muda huo wa kuota ndio unaopanga urefu. Nyusi hazifiki mdomoni kwa kuwa kinyweleo cha nyusi huota kwa miezi michache tu kisha kinapumzika. Nywele za kichwani zina miaka. Sasa tupige hesabu. Mwaka 2001 mtafiti Geneviève Loussouarn alichapisha vipimo vya nywele za vijana Waafrika na kuvilinganisha na vya Wazungu. Za Waafrika ziliota wastani wa mikroni 256 kwa siku, za Wazungu mikroni 396. Ukizidisha kwa siku 365, Mwafrika anapata sentimita 9 na kidogo kwa mwaka, Mzungu sentimita 14. Kweli basi, nywele zetu zinaota polepole zaidi, hilo halina haja ya kufichwa. Lakini sentimita 9 kwa mwaka si sifuri. Kinyweleo kikifanya kazi miaka mitano, unywele unafika sentimita 45, yaani unapita mabega na kushuka mgongoni ukiunyoosha. Yule msichana wa Kamanyola ambaye nywele zake zimesimama kwenye sentimita 10 tangu shule ya msingi ana sentimita 35 za kudai, na mdaiwa wake si kinyweleo.

Jibu liko kwenye umbo. Kinyweleo cha nywele za kipilipili hakikusimama wima. Kimepinda ndani ya ngozi, na mzizi wake unasukuma seli kwa nguvu zaidi upande mmoja kuliko wa pili. Unywele unatoka ukiwa bapa na umejikunja kama ulivyokunjwa ndani. Kila penye kona ni penye udhaifu. Zaidi ya hayo, mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi hushuka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini hayasafiri mbali kwenye unywele wenye kona nyingi, kwa hiyo ncha hukauka. Halafu kinakuja kitana chenye meno ya karibu, nywele zikiwa kavu, mtoto akilia, mama akiwa na haraka ya kuwahi soko. Unywele wenye nguvu ya kutosha kuishi miaka mitano unakatwa vipande kwa dakika tano.

Kuna namna rahisi ya kujua ni kipi kinachotokea kichwani mwako, na haihitaji daktari. Baada ya kuchana, chukua nywele kadhaa zilizobaki kwenye kitana, uzilaze juu ya kitambaa cheusi kwenye mwanga wa mlangoni. Tazama ncha zote mbili za kila mmoja. Unywele uliomaliza muda wake na kung'oka wenyewe una kidoto cheupe upande mmoja, kigumu kidogo ukikigusa kwa kucha: hicho ni kichwa cha mzizi uliosinyaa. Unywele uliokatika hauna kidoto. Ncha zote mbili ni kavu, mara nyingi moja imechanika kama kamba iliyofumuka, na wenyewe ni mfupi kuliko wenzake. Ukikuta vingi ni vipande visivyo na kidoto, kichwa chako kinaota vizuri na tatizo liko mkononi. Wasusi wenye macho hulijua jambo hili kwa uzoefu, mmoja utamsikia akimwambia mteja, "Yaya, nywele yako haijakataa, wewe ndiye unaivunja." Ni kauli ya kisayansi kuliko maandishi mengi ya kwenye chupa.

Kwa nini basi maumbile yalitupa nywele zenye kona, kama zinakatika hivi? Juni 2023 Tina Lasisi, Nina Jablonski na wenzao walichapisha jaribio linalofaa kusomwa na mtu wa uwanda wa Ruzizi. Walichukua sanamu ya mtu inayopashwa joto, wakaivisha mawigi ya nywele za watu, zilizonyooka, za mawimbi na za kipilipili, wakaiwekea taa za kuiga jua. Nywele za aina zote zilipunguza joto la jua linalofika kichwani, lakini za kipilipili ziliongoza. Zinasimama, zinaacha nafasi ya hewa kati ya jua na ngozi, na kichwa kinahitaji jasho pungufu ili kisichemke. Bukavu iko juu, kama mita 1,500, na baridi yake inajulikana. Ukimaliza kushuka miteremko ya Ngomo na kuingia Kamanyola, jua linakuwa la namna nyingine, na mtu anayepalilia mpunga saa saba mchana anavaa kichwani kifaa ambacho ubongo wa babu zake ulikihitaji. Ugumu huohuo wa kusimama bila kushikwa ndio uliowawezesha Wanyarwanda, ng'ambo ya mto, kunyoa na kuchonga amasunzu, yale matuta ya nywele yaliyokuwa yakionyesha vijana na wasichana ambao hawajaolewa. Nywele za kulala haziwezi kubeba umbo hilo.

Wembe nao umepewa sifa usizostahili. Katika eneo hili watu hunyoa kichwa kwa sababu nyingi: baada ya msiba, kwa usafi wa shule, na kwa familia za Kiislamu za Uvira na pwani ya ziwa, mtoto hunyolewa siku ya saba kwa akika. Zinaporudi, kila mtu anaapa kuwa zimerudi nene zaidi. Mwaka 1928 mtaalamu wa maumbile ya mwili, Mildred Trotter wa Marekani, alipima ndevu zilizonyolewa mara kwa mara na hakuona badiliko la unene wala kasi. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwa kuwa wembe unakata kitu kilichokufa na kinyweleo hakina habari. Tunachokihisi ni ncha iliyokatwa butu badala ya ile nyembamba ya mwanzo. Na kwa mtoto mchanga kuna jambo jingine: nywele alizozaliwa nazo zinamaliza muda wake karibu kwa pamoja katika miezi ya mwanzo, anyolewe asinyolewe, ndiyo maana watoto wengi hubaki na kipara kidogo kisogoni wanapolalia. Zinazofuata huwa nene zaidi kwa sababu ya umri. Akika ni sunna yenye heshima yake. Haihitaji kusaidiwa na hoja ya unene.

Wembe wa mwanamume una hasara yake ya kweli, nayo inatokana na ule mpindo. Ndevu za kipilipili zikinyolewa hadi ndani kabisa, ncha iliyochongwa inaota ikizunguka na kuichoma ngozi upya kutoka nje. Vipele vya shingoni ambavyo vijana wengi wanavidhania ni uchafu wa mashine ya kinyozi mara nyingi ni unywele wenyewe umeingia nyumbani kwa dirisha. Kuacha milimita moja ya ndevu kunatibu kuliko spiriti.

Sasa tuje kwenye ile miezi mitatu, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Mwili ukipatwa na tukio kubwa, vinyweleo vingi vilivyokuwa vinaota hupata amri ya kusimama kwa wakati mmoja. Yale majaruba ya umri mbalimbali yanavunwa kwa siku moja. Lakini nywele hazianguki siku hiyo. Zinaingia mapumziko, zinakaa hapo miezi miwili hadi minne zikionekana nzima kabisa, kisha zinaanguka pamoja. Orodha ya matukio yanayotoa amri hiyo inaweza kuwa kalenda ya familia yoyote ya hapa: homa kali ya malaria, homa ya matumbo, kutokwa damu nyingi, upasuaji, njaa ya ghafla, uzazi.

Uzazi ndio mfano ulio wazi zaidi. Wakati wa ujauzito homoni ya estrojeni inavishikilia vinyweleo katika kuota, kwa hiyo mjamzito hupoteza nywele chache kuliko kawaida na kichwa chake kinajaa. Mtoto akizaliwa homoni inashuka, na zile zote zilizocheleweshwa zinaingia mapumziko. Mwezi wa tatu au wa nne mama anaziona zikitoka, hasa kwenye paji. Wakati huo tayari amerudi kwa msusi, amebadilisha sabuni, ameanza dawa ya uzazi wa mpango, mtoto anaanza kucheka; mojawapo ya hayo litalaumiwa. Kwa kawaida kabla mtoto hajatimiza mwaka kichwa kinakuwa kimejirudia bila dawa yoyote. Aliyenunua mafuta ya bei mwezi wa tano atayasifu maisha yake yote, na hutaweza kumbishia, maana kweli aliyapaka na kweli nywele zilirudi.

Kwa watu wa uwanda huu kuna tukio zito zaidi. Februari 2025, baada ya Bukavu kuingia mikononi mwa waasi wa M23, maelfu kwa maelfu walikimbia na kuvuka Ruzizi kuingia Burundi. Wengi walilala kwenye uwanja wa michezo wa Rugombo, mkoani Cibitoke, mvua ikiwanyeshea. Hofu, kukosa usingizi, kupungua uzito, kuhara, malaria isiyotibiwa: kila kimoja peke yake kinatosha kuvisimamisha vinyweleo. Hesabu ya mwili ingeleta matokeo yake Mei au Juni, wakati mtu ameshapata pa kulala na anajiambia kuwa mabaya yamepita. Kuanguka kwa nywele wakati huo humtisha mtu kuliko kunavyostahili, kwa sababu kunaonekana kama ugonjwa mpya. Si ugonjwa mpya. Na pale unywele wa zamani unapong'olewa, mara nyingi ni kwa kuwa mpya umeshaanza chini yake.

Njaa ya muda mrefu ni habari nyingine, na Kivu imeilipia gharama ya kuijua. Unywele karibu wote ni protini. Chukua makadirio ya wastani: vinyweleo 85,000 vinavyoota kwa robo milimita kwa siku vinatoa zaidi ya mita 20 za unywele kila siku. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kuendeshwa kwa bugali wa muhogo peke yake, kwa kuwa muhogo una wanga tele na protini kiduchu. Mwili usiopata protini hufanya uchaguzi: moyo, ini na misuli kwanza, nywele mwisho. Mwaka 1967 Robert Bradfield na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba watu waliojitolea kula chakula kisicho na protini walianza kuwa na mizizi ya nywele iliyosinyaa na kupungua rangi ndani ya majuma mawili. Kichwa kinatoa taarifa mapema.

Kwa mtoto taarifa hiyo ina sura inayojulikana na kila bibi wa hapa: bwaki. Miguu imevimba, uso umejaa maji, na nywele zimekuwa nyekundu au za rangi ya mchanga, nyembamba, zimepoteza mkunjo, ukizivuta kidogo zinakuja bila mtoto kulia. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, aliueleza ugonjwa huo kwa ulimwengu wa tiba mwaka 1933, na mwaka 1935 akaupa jina la kwashakoo alilolisikia huko kwa wenyeji. Kwetu, kituo cha Lwiro kilichoko Kabare, kaskazini mwa Bukavu, kilichozaliwa na taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, kilifanya bwaki kuwa mojawapo ya kazi zake kubwa, na hospitali yake ya watoto ikajulikana kwa kuitibu. Kinachouma ni kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa kilomita chache kutoka ziwa lenye samaki. Sombe, maharage, ndakala wa Uvira, sambaza wa Kivu: protini ipo sokoni, lakini mfuko wa mama anayeuza nyanya mpakani hauifikii kila siku, na barabara ikifungwa na vita haifiki kabisa.

Mtoto akianza kulishwa vizuri, nywele zinaandika tarehe. Sehemu mpya inatoka nyeusi shinani huku sehemu ya zamani ikibaki nyekundu nchani, na mstari kati ya rangi hizo unasogea juu. Kwa kuwa unajua unywele unaota kiasi gani kwa mwezi, unaweza kukisia ni lini kijiko kilianza kuja na maharage. Kwenye nywele zilizonyooka, kama za watoto wa Amerika ya Kusini, michirizi hiyo huonekana wazi mmoja baada ya mwingine, njaa na shibe, njaa na shibe. Kwenye nywele zetu zilizojikunja inabidi uuvute unywele na kuutazama kwa karibu.

Uandishi huo haukomei kwenye chakula. Zebaki inayoingia kwenye damu inanaswa na keratini na kubaki humo, sentimita kwa sentimita. Katika miaka ya 1990 daktari Mjapani Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuufuatilia ugonjwa wa Minamata, alipima nywele za wachimbaji dhahabu na wavuvi wa upande wa Ziwa Viktoria nchini Tanzania. Viwango vya juu sana vilitoka hata kwa watu ambao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wakitumia sabuni ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Somo hilo lingefaa kurudiwa Kamituga na Misisi, ambako dhahabu inachimbwa kwa mikono, na pia kwenye meza za vipodozi za masoko yetu.

Kipara na mvi tuvipitie upesi, maana huko kinyweleo chenyewe ndicho kinachobadilika. Mvi hutokea seli za rangi zinapokwisha kwenye kinyweleo. Unywele unaendelea kuota vizuri tu, bila wino. Kipara cha wanaume ni urithi pamoja na homoni. Mwaka 1942 James Hamilton alionyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawaoti kipara, na wakipewa testosteroni baadhi yao wanakipata. Kila mzunguko unapofanyika kinyweleo kinapungua ukubwa na muda wa kuota unafupika, mpaka kinatoa malaika tu. Minoksidili, ambayo ilikuwa dawa ya shinikizo la damu mpaka wagonjwa walipoanza kuota nywele wasizozitaka, huvichelewesha vinyweleo hivyo visipungue. Ukiacha kuipaka, faida yake inaondoka ndani ya miezi michache. Ni sawa na kulipa kodi ya nyumba, na mwenye kipara afanye hesabu zake kabla ya kuhamia.

Mapunye ya watoto yanatendewa vibaya kuliko ugonjwa wowote wa kichwa. Ni ukungu, si uchafu wa mama, nao unaishi ndani ya unywele wenyewe na kuukata usawa wa ngozi, ndiyo maana kunabaki viduara vyenye magamba na vidoto vyeusi. Mafuta ya kupaka hayafiki huko. Kinachotibu ni vidonge, kwa kawaida grisofulvini, kwa wiki sita hadi nane, na kuacha katikati ni kuanza upya. Kitana, kofia na mashine ya kunyolea vinauhamisha kutoka kichwa hadi kichwa.

Kimebaki kilicho kizito zaidi kwa wanawake, nacho ni kusuka. Kusuka kwenyewe hakuna ubaya. Kunazuia kuchana kila siku, na kwa nywele zenye kona hiyo ni nafuu kubwa. Shida ni mvuto. Zamani, mwaka 1907, daktari mmoja aitwaye Trebitsch aliwakuta wanawake wa Greenland, wenye nywele zilizonyooka, wakiwa na vipara pembeni kwa sababu ya kufunga nywele juu kwa nguvu. Kwa hiyo hata rangi na aina ya nywele haimwokoi mtu. Afrika Kusini, Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha mwaka 2007 kwamba karibu theluthi moja ya wanawake waliowachunguza tayari walikuwa na upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa, na kwa wasichana wa shule tatizo liliongezeka kadiri darasa lilivyopanda. Hatari zaidi ilikuwa kusuka au kuongeza nywele za bandia juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha.

Dawa hiyo inafaa neno lake. Ni kemikali kali inayovunja viungo vya keratini ili unywele unyooke. Ikigusa ngozi inaunguza. Haibadilishi kinyweleo hata kidogo, kwa hiyo kila mwezi inaota tena robo tatu ya sentimita ya kipilipili na mteja anarudi. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya Marekani waliowafuatilia wanawake 33,947 waliripoti kuwa asilimia 4.05 ya waliotumia dawa hizo mara kwa mara walikadiriwa kupata saratani ya kizazi kufikia umri wa miaka 70, wakati kwa wasiozitumia ilikuwa asilimia 1.64. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayoambatana, hauthibitishi chanzo, na wanawake wa Kamanyola hawakuwemo. Hata hivyo, mimi nisingempaka mtoto wa miaka sita dawa hiyo kwa ajili ya picha ya Noeli.

Dalili za mvuto zinaonekana kwa macho kabla hazijawa hasara. Msichana anayesema kichwa kinauma usiku wa kwanza hajadeka: mizizi inavutwa kutoka kwenye chuchu zake. Vipele vidogo vyeupe mwanzoni mwa kila mstari wa suko ni kinyweleo kinachovimba. Msusi anayejali huacha nywele laini za mbele bila kuziingiza kwenye suko, hutumia meshi, yaani nywele za bandia, zilizo nyepesi, hafungi mkia juu siku ileile, na humwambia mteja afumue kabla ya wiki nane na apumzike. Paji likianza kupanda na bado unaona vitundu na malaika, kuacha kuvuta kunatosha; nywele zinarudi kwa kasi yake ileile ya mikroni 256. Lakini ngozi ya pembeni ya masikio ikishakuwa laini, inang'aa, haina tena kitundu hata kimoja ukiikagua kwa mwanga wa simu, kinyweleo kimeshageuka kovu, na hakuna mafuta ya Bugarama, ya Bujumbura wala ya Dubai yatakayoitoa mbegu ambayo haipo.